Kiwiko kinauma na raketi ya padeli bado sijanunua: nichukue ipi?

"Jambo Kocha. Mimi ni mama wa miaka 41, ninafanya kazi ofisini kwenye kampuni moja ya madini hapa Lubumbashi. Tangu mwezi wa tatu tunacheza padeli na wenzangu wa kazi, mara mbili kwa wiki, jioni tukitoka. Tenisi sijawahi kucheza. Shuleni nilicheza volibo. Hadi sasa ninaazima raketi ya mwenzangu mmoja, nyeusi, iliyopanuka juu kwenye kichwa. Ninaipenda kwa sababu nikiupata mpira vizuri unakwenda kwa kasi ya ajabu. Lakini wiki hizi kiwiko cha kulia kinaniuma upande wa nje, hata nikiinua sufuria. Sasa nataka yangu. Nina dola 150. Mwenzangu ananiuzia hiyo yake kwa 120, anasema ni kaboni 18K, wanayochezea mabingwa, na nikiizoea sitanunua tena. Dukani nimeona nyingine ya duara, fibaglasi, imeandikwa gramu 355, dola 90, lakini ni ya wanaoanza na mume wangu anasema nitaichoka baada ya miezi mitatu. Hapo hapo dukani kuna ya rangi ya waridi, wanasema ndiyo ya wanawake. Na kwenye WhatsApp kuna mtu anauza Nox ya Tapia, mpya kabisa, kwa dola 60. Kila mtu ana lake. Nichukue ipi? Halafu kijana wangu wa miaka 12 ameanza kunifuata uwanjani; atumie yangu?"

Mama, asante kwa kueleza kwa urefu. Umenipa bei, uzito na mahali panapouma, kwa hiyo nina pa kushika. Ninavyokusoma, hofu yako ni mbili: kutupa dola 90 kwenye kitu utakachokichoka, na kutolewa mchezoni na kiwiko kabla raketi yoyote haijazeeka. Nitajibu mapema kisha nieleze. Kati ya hizo nne, chukua ya duara ya dola 90, baada ya kuipima kama nitakavyoonyesha hapa chini. Ile nyeusi mrudishie mwenzako leo hii, usingoje siku ya kununua. Hao waliokushauri hawakukudanganya sana. Wengi wamekupa ukweli unaomfaa mchezaji mwingine.

Tuanze na nguvu, maana ndiyo inayokuvutia kwenye ile nyeusi. Padeli ilianzia Acapulco, Mexico, mwaka 1969, nyumbani kwa Enrique Corcuera, aliyekuwa na nafasi ndogo akaizungushia kuta. Mchezo umeendelea kuishi ndani ya ufinyu huo. Kiwanja ni mita 20 kwa 10, nyuma kuna kioo cha mita 3 na wavu wa chuma juu yake hadi mita 4, na mpira ukishadunda chini una ruhusa ya kugonga kioo na kurudi. Sasa ufuate mpira wako ule mkali. Unapita juu ya wavu wa katikati, unadunda, unagonga kioo cha nyuma, unarudi hadi katikati ya uwanja ukiwa usawa wa kiuno na kasi imeshapungua. Mpinzani wako hana hata haja ya kukimbia; anausubiri. Ndiyo maana mara nyingi anayeanza akipiga kwa nguvu zote anashangaa mpira unamrudia mzuri kuliko alivyoutuma. Bingwa naye hupiga smashi ile ile, yaani pigo kali la juu ya kichwa, lakini anajua pembe itakayoutoa mpira nje kabisa ya kiwanja au kuurudisha upande wake juu ya wavu. Kujua pembe hizo ni kazi ya miaka, wala hazinunuliwi pamoja na raketi.

Hata huduma, yaani mpira wa kuanzisha, haikuhitaji nguvu. Unadundisha mpira chini na kuupiga usiwe juu ya kiuno. Mtu wa tenisi anaweza kutetea raketi nzito kichwani kwa ajili ya mpira wake wa kwanza wa kuanzisha. Kwenye padeli hoja hiyo haina pa kusimama. Wewe ulicheza volibo, mkono wako tayari unajua kupiga juu ya kichwa, na nadhani hapo ndipo ile nyeusi ilipokuteka: mpira unaokujia juu, ukaupiga vizuri, ukasikia raha. Lakini hesabu jioni moja uwanjani. Mipira ya namna hiyo ni michache. Mingi unaichukua nyuma, chini ya kiuno, ikitoka kwenye kioo, umechelewa kidogo na mguu haujakaa sawa. Raketi yako ya kwanza inunue kwa ajili ya mipira hiyo.

Kuna na jambo la mji wetu, ambalo mshauri wa Dubai hawezi kulijua. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo inauzuia mpira kidogo tu unaporuka. Tena mpira wa padeli una hewa iliyoshindiliwa ndani. Hewa ya nje inapopungua uzito, ile ya ndani inasukuma zaidi, na mpira unadunda juu zaidi. Si hisia za wachezaji tu. Sheria za kimataifa zinataka mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 udunde kati ya sentimita 135 na 145, na kwa viwanja vilivyo juu ya mita 500 zinaruhusu mpira mwingine unaodunda chini zaidi, kati ya 121.92 na 135. Wenzetu wa Goma na Bukavu, walio karibu mita 1,500, wanalipata hilo zaidi yetu. Maana yake kwako ni kwamba mji unakupa kasi bila malipo. Unachokosa, na ndicho cha kutolea pesa, ni kuushika mpira na kuupeleka unapotaka.

Sasa umbo. Raketi za padeli zina maumbo matatu makubwa: duara, tone la maji, na almasi. Ile nyeusi iliyopanuka juu, kwa maelezo yako, ni almasi. Watu hutazama umbo kama mapambo, kumbe umbo ndilo linaloamua uzito ukae wapi. Kwenye duara uzito unakaa karibu na mkono. Kwenye almasi umepanda kichwani. Ukitaka kuona tofauti bila kunisikiliza mimi, chukua nyundo nyumbani, ishike mwisho wa mpini na uizungushe hewani taratibu, kisha igeuze, uishike kichwani na uzungushe mpini. Nyundo ni ile ile, kilo ni zile zile, lakini mara ya kwanza kifundo cha mkono kinalalamika na mara ya pili unacheza nayo. Kwa hiyo raketi mbili za gramu 360 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti mkononi, na mtu akikuambia "hii ni nyepesi, gramu 360 tu", amekupa nusu ya habari.

Umbo linaamua pia eneo zuri la kupigia, ile sehemu ya uso ambapo mpira ukigusa unatoka safi na mkono hausikii mtikisiko. Kwenye duara eneo hilo ni pana na liko katikati. Kwenye almasi ni dogo na limepanda juu. Mchezaji aliyekomaa analipata kila mara. Anayeanza hupiga chini yake, pembeni yake, wakati mwingine kwenye fremu kabisa, nami sikulaumu. Kila mtu amepitia hapo.

Hapa ndipo kiwiko kinapoingia. Mpira ukigusa nje ya eneo hilo, raketi inataka kujipindua mkononi. Wewe huamui chochote. Misuli ya juu ya kigasha inabana yenyewe kuizuia. Misuli hiyo ndiyo inayoinua kifundo cha mkono kwenda nyuma, na ndiyo inayofanya kazi kila unapokamata kitu kwa nguvu. Karibu yote inakusanyika kwenye kano zilizoshikamana na ule mfupa mdogo unaousikia ukigusa kiwiko upande wa nje. Piga nje ya eneo mara nyingi kwa jioni moja, raketi ikiwa nzito kichwani na ngumu, mara mbili kwa wiki, tangu mwezi wa tatu: kano inachoka kwa kasi kuliko inavyojijenga. Hayo ndiyo maumivu unayoyasikia ukiinua sufuria, maana kuinua sufuria kiganja kikitazama chini kunaamsha misuli ile ile. Watu wa tenisi wanayajua miaka mingi. Mafundi wa ujenzi na wapakaji rangi wanayapata bila kugusa raketi. Siwezi kukupima kwa maandishi, nitarudi kwenye hilo, lakini ulivyoeleza vinalingana.

Wengi wanadhani raketi ngumu hupiga kwa nguvu na laini haipigi. Kwa mkono wako wa leo ni kinyume. Ndani ya raketi kuna povu, mara nyingi la aina inayoitwa EVA, na juu yake uso wa fibaglasi au kaboni. Povu laini linabonyea mpira unapogusa, kisha linaurusha. Fibaglasi nayo inapinda na kurudi. Kwa hiyo ukipiga polepole, raketi inakusaidia kuutoa mpira. Povu gumu na kaboni ngumu havibonyei mpaka upige kwa kasi kubwa. Ukipiga polepole unapata mpira mfupi na mtikisiko mkubwa, halafu mara nyingine unaongeza nguvu za bega kufidia, na kiwiko kinalipa tena. Anayepiga kwa kasi kubwa, laini inamsumbua kweli, povu linabonyea hadi mwisho na mpira unatoka hovyo. Huyo ndiye mchezaji ambaye mwenzako anamzungumzia.

Joto nalo linabadilisha povu. Linalainika kwenye joto na kukaza kwenye baridi. Kwetu hilo si dogo. Wakati wa kipwa, yaani kiangazi chetu, Juni na Julai, jioni zinapoa haraka na usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Raketi iliyo ngumu tayari inakuwa ubao. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, mambo yanageuka. Wewe unacheza jioni, kwa hiyo miezi ya baridi itakugusa zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua laini. Usiache raketi ndani ya gari lililofungwa juani, hata kama ni kwenye maegesho ya kazini na umesema utatoka saa kumi. Joto la humo linaharibu povu na gundi, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Nije kwenye 18K. Herufi hiyo inahesabu nyuzi: K moja ni nyuzi elfu moja za kaboni ndani ya uzi mmoja uliofumwa. 3K ni elfu tatu, 18K ni elfu kumi na nane. Inaeleza ufumaji. Haikuambii raketi ni bora, wala ni ngumu kiasi gani, kwa sababu ugumu unategemea pia tabaka ngapi zimewekwa, gundi gani imetumika na povu lililo chini. Wauzaji wanaipenda namba hiyo kwa kuwa inapanda, na sisi wanunuzi tunaamini kinachopanda. Ukiambiwa 18K, uliza povu ni laini au gumu. Muuzaji asiyeweza kujibu hilo, K zake hazikusaidii.

Uzito. Raketi nyingi za watu wazima ziko kati ya gramu 340 na 390. Kwa mwanamke anayeanza, au mwanamume yeyote mwenye kiwiko kinachouma, ningetafuta kati ya 345 na 360. Usishuke sana chini ya 340 ukidhani nyepesi ndiyo dawa: raketi nyepesi mno inasukumwa na mpira, na mshtuko ambao uzito wake ungeumeza unapita moja kwa moja kwenye mkono. Hiyo 355 ya dukani iko pazuri, lakini namba iliyoandikwa mara nyingi ni ya makadirio. Raketi mbili za aina moja zinaweza kupishana gramu 10. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Ya waridi sina ugomvi nayo. Hakuna kiwiko cha kike. Raketi nyingi zinazouzwa kama za wanawake ni za kawaida zilizopunguzwa uzito kidogo na kupakwa rangi nyingine, na baadhi zimeshushwa uzito lakini ni almasi, ngumu kama zile za wanaume. Ipime kwa vigezo vile vile. Ikiwa ni duara, laini, gramu 350 na bei haijaongezwa kwa ajili ya rangi, inafaa kama ile nyingine.

Ya WhatsApp achana nayo. Agustín Tapia kweli anachezea Nox, na raketi yenye jina lake ikiwa mpya na halali inauzwa mara kadhaa zaidi ya dola 60. Bei hiyo ina maelezo machache, na hakuna hata moja linalokufaa: ni ya kuiga, au imetengenezwa upya baada ya kupasuka, au imepatikana kwa njia ambayo hutaki kuijua. Na hata ingekuwa halali, imetengenezwa kwa mkono wa mtu anayecheza kila siku.

Ile ya mwenzako kwa dola 120 nisiiseme vibaya. Huenda ni raketi nzuri sana. Lakini povu linazeeka. Kwa anayecheza mara mbili kwa wiki, raketi hukaa na uhai wake mwaka mmoja hadi miwili, kisha inabaki na sura tu. Kabla ya kununua yoyote iliyotumika, iangalie kwenye mwanga, zunguka matundu na pale mpini unapoungana na kichwa, tafuta nyufa nyembamba kama unywele. Igonge kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali za uso: mlio uwe mmoja. Ukisikia mahali panalia kama pana utupu, tabaka limeachana ndani. Hayo ni ya kukusaidia siku nyingine; kwa sasa, kwa kiwiko hicho, nisingekushauri uichukue hata bure.

Mume wako ana hoja, na nisingependa umwambie Kocha amesema hajui. Kuna watu wanaoichoka raketi ya kuanzia. Ni wale waliotoka kwenye tenisi au tenisi ya mezani, wanaopiga kwa kasi tayari, wasio na maumivu yoyote. Hao ningewapeleka moja kwa moja kwenye umbo la tone, lenye uzito wa katikati na povu la wastani. Ungeniandikia bila habari ya kiwiko, na ukaniambia unacheza mara nne kwa wiki, pengine ningesema tone. Lakini kwa mara mbili kwa wiki, miezi mitatu haitoshi kuichoka duara. Kuna wachezaji wazuri wanaobaki na duara miaka yote kwa sababu wanacheza upande wa kulia, upande wa kujenga pointi, na hawana haja ya kitu kingine. Dalili ya kuhama utaiona mwenyewe: unapiga katikati ya uso karibu kila mara, unafika kwenye wavu na kubaki hapo, na mpira wa juu unaoupiga vizuri hauendi mbali hata ukitaka. Ikifika siku hiyo, kiwiko kikiwa kimya, tutazungumza tone.

Na hizo dola 60 zitakazobaki? Usizimalize dukani kwenye begi. Nunua tepe tatu au nne za kuzungushia mpini, maana mipini ya padeli huja myembamba, na mpini mwembamba unakulazimisha kubana. Shika raketi kama unavyocheza: kati ya ncha za vidole na kiganja panatakiwa paingie kidole kimoja cha mkono mwingine. Vidole vikigusa kiganja, ongeza utepe. Kila utepe una gramu chache na unavuta uzito kuelekea mkononi, jambo ambalo kwako ni faida. Mwezi wa kumi, jasho likizidi, badilisha mara kwa mara. Utepe unaoteleza unafanya ubane zaidi bila kujijua. Kamba ya kwenye mpini ivae mkononi kila mchezo, ni sheria na ni usalama wa mwenzako. Nunua pia mipira mipya, kwa sababu iliyokwisha hewa inataka nguvu zaidi kuivusha, na iliyolowa mvua ni mizito. Kinachobaki kilipie somo moja au mawili na mwalimu atakayekuona ukipiga.

Hilo la mwalimu nisilipite haraka. Raketi nzuri inapunguza mzigo, lakini ukiupiga mpira umeshakupita nyuma ya nyonga, kifundo kimekunjika na mkono umebana, hakuna povu litakalokuokoa. Kosa ninaloliona kila wiki ni kwenye mpira wa upande wa kushoto kwa anayetumia kulia: mtu anachelewa, kisha anaumalizia kwa kifundo cha mkono. Mwalimu akikutazama dakika kumi atakuambia kama ni wewe. Mimi kwa maandishi siwezi.

Kuijaribu ile ya dukani: omba uende nayo uwanjani hata kwa amana, au tafuta anayemiliki ya aina hiyo hiyo uiazime jioni moja. Kwanza ilaze juu ya kidole kimoja na utafute inapokaa sawa bila kuanguka. Pima kutoka mwisho wa mpini: ikikaa karibu na sentimita 25, uzito uko chini, ndiyo unayoitaka, ikikaribia 27, uzito uko kichwani hata kama umbo linakudanganya macho. Uwanjani usianze na smashi. Omba mwenzako akutumie mipira ya polepole kwenye kioo cha nyuma, uichukue ikirudi, ishirini hivi, kisha mipira ya karibu na wavu bila kuzungusha mkono. Sikiliza mkono kuliko mlio. Ukiona dakika ya ishirini bado unashika kwa ulegevu, raketi hiyo inakufaa. Ukikuta kigasha kimekaza, iache, hata kama ni nzuri na kila mtu anaisifu.

Sasa kiwiko chenyewe. Kwanza punguza: wiki mbili au tatu cheza mara moja badala ya mbili, bila smashi, au pumzika kabisa kama sufuria bado inauma. Kulala bila kutumia mkono kabisa hakusaidii sana. Kano inahitaji kazi ndogo ya kuijenga. Njia inayotumika sana ni kulaza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini na mkono ukining'inia ukingoni, ukishika chupa ya maji ya nusu lita. Unaiinua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha unaishusha taratibu kwa mkono unaouma. Maumivu kidogo yanavumilika, yakiongezeka au yakibaki hadi kesho yake umezidisha. Barafu na vidonge vya maumivu vinatuliza, havijengi. Usikimbilie sindano kwa sababu jirani alichomwa akapona. Kwa tatizo hili sindano za kortizoni zinaweza kutuliza wiki za mwanzo, lakini tafiti zimeonyesha wengi waliochomwa wakawa na hali mbaya zaidi miezi iliyofuata. Daktari akiishauri, muulize hilo wazi.

Nenda hospitali au kwa mtaalamu wa viungo, kine kama tunavyowaita hapa, ikiwa wiki sita zimepita na hali haijabadilika, au mapema zaidi ukiona ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo, maumivu yanayokuamsha usiku, uvimbe wenye joto, mkono kushindwa kunyooka, vitu kukuponyoka mkononi, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni. Hayo yanaweza kuwa kitu kingine kabisa, na raketi haihusiki. Ukienda kwa kine, chukua raketi pamoja nawe. Akiona unavyoishika atakusaidia zaidi.

Kijana wako asitumie yako, angalau si kila siku. Miaka 12 ni umri wa katikati: akiwa mdogo wa mwili mpe raketi ya watoto, ambazo kwa kawaida ziko chini ya gramu 330 na mpini wake ni mwembamba; akiwa tayari ana urefu wako, duara nyepesi ya watu wazima inamtosha na hutanunua mara mbili. Mpeleke dukani ashike zote mbili na azizungushe hewani dakika tano. Ile anayoanza kuishika kwa mikono miwili baada ya muda, ni nzito kwake.